Paka wangu mzee alikuwa na sukari, na siku ya kumuaga niliisogeza mbele mno

Waliogundua ni sisimizi. Mama ndo aliwaona, wamejipanga mstari kutoka ukutani mpaka kwenye karai la mchanga analojisaidia paka, akaniita, njoo uone, huyu paka wako ana sukari. Nikacheka. Mama mwenyewe ana kisukari miaka mingi na kwake yeye kila anayekunywa maji mengi ni mgonjwa mwenzake, hata fundi aliyekuja kupaka rangi alishaambiwa akapime.

Bwana Afya, tulimpa hilo jina sababu alikuwa anakagua majiko ya mtaa mzima hapa Magomeni, wakati huo alikuwa na miaka 12, dume limehasiwa, rangi ya machungwa, kilo 7 na ushee. Kumbe dalili zote zilikuwepo ila mi nilikuwa nazisoma vibaya, anakunywa maji kwenye ndoo ya bafuni mpaka unashangaa, anakojoa madimbwi, anakula kama hajala tangu juzi na bado mgongo unazidi kutoa mifupa, nikasema uzee huo. Nilipoona anatembea unyayo wote wa nyuma umelala chini kama sungura ndo nikaita bajaji. Ile ni sukari imeshagusa mishipa ya fahamu, ukiona hivyo kwako usisubiri mwisho wa mwezi.

Daktari wa kwanza alikuwa mtu wa ng'ombe na kuku, akaniangalia kama nimemletea kobe mwenye mafua. Wa pili ndo alikaa na mimi akanielewesha. Sukari ya paka inafanana sana na ile aina ya pili ya binadamu, inawapata zaidi wazee, wanene, na madume yaliyohasiwa. Halafu paka akiogopa tu sukari yake inapanda, na wangu alikuwa ametoka kwenye bajaji ndani ya kikapu cha sokoni analia njia nzima, kwa hiyo hakuridhika na tone moja la damu, akapima na mkojo. Kukawa na sukari huko pia, basi.

Akaandikiwa insulini, glargine, yuniti 1 asubuhi na yuniti 1 jioni, saa kumi na mbili kwa saa kumi na mbili. Hapa nisikilizeni vizuri. Usimchome paka insulini ya mgonjwa wa nyumbani kwa kukisia, ya mama yangu ni ile ya mchanganyiko ina rangi ya maziwa, ya paka ilikuwa safi kama maji, ni vitu viwili tofauti vinakaa friji moja. Na bomba la sindano lazima liendane na kichupa, kuna insulini za yuniti 100 kwa mililita na kuna za mifugo za yuniti 40, ukichanganya mabomba dozi unayompa siyo unayodhani. Dozi anapanga daktari, siyo mimi wala shoga yako.

Kuchoma kwenyewe hakuna shida, mama alinifundisha kwa dakika mbili, unavuta ngozi, unachoma pembeni, paka yuko bize na sahani yake. Kupima nilitumia mashine ya mama, unatoboa ukingo wa sikio unapata tone, ingawa daktari alinionya mashine za binadamu mara nyingi zinasoma chini kidogo kwa damu ya paka. Ugali na wali vikaisha siku hiyohiyo, akahamia kuku na samaki wa kuchemsha na chakula cha kopo pesa ikiwepo, ila msosi tulibadilisha daktari akijua, maana ukipunguza wanga huku dozi iko palepale sukari inaweza kuanguka.

Na ilianguka, ila kwa uzembe wetu. Jioni moja nimechelewa na foleni, mdogo wangu akamchoma, mi nimefika nikamchoma tena. Saa mbili usiku anayumba kama mlevi, macho yamekodoka, mashine inasoma 1.9. Nilimpaka asali kwenye fizi kwa kidole (usimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa) halafu tukakimbia. Alipona. Tangu hapo karatasi ikabandikwa kwenye friji, ukichoma unasaini, na kama hujui kachomwa au hajachomwa, acha. Kukosa dozi moja ni afadhali kuliko kupewa mbili.

Majirani walisema, watu wanakosa insulini we unamdunga paka? Sikuwa na jibu zuri na mpaka leo sina.

Tulipata mwaka na nusu mzuri. Kuna paka wanafika mahali wanaacha kabisa sindano, hasa wakiwahiwa, wa kwangu hakufika huko ila alirudi kupanda ukuta na kukagua majiko. Halafu figo zikaanza. Akawa anatapika, anakula leo kesho hali, na paka asiyekula unamchomaje insulini? Kila asubuhi ikawa kumpigia simu daktari.

Daktari akanipa kipimo kilichotungwa na daktari wa wanyama wa Marekani anaitwa Alice Villalobos, mambo saba, kila moja unatoa maksi 0 mpaka 10: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri ni nyingi kuliko mbaya. Ikizidi 35 bado mnaweza kuendelea. Mi wiki tatu nzima nilipata 37, 38, na ni uongo mtupu, nilikuwa namgawia maksi kama mwalimu anayempitisha mtoto wa mkuu wa shule. Akinyanyua mkia tu, furaha 9. Mama ndo alichukua kalamu siku moja akajaza mwenyewe. 19. Hakusema kitu akaenda kuswali.

Kwa hiyo kama una paka mzee mgonjwa, andika sasa hivi akiwa bado anakula, ni mambo gani matatu yakikatika utasema basi, halafu mpe karatasi mtu anayempenda lakini siyo kama wewe. Ya kwangu ingekuwa kukagua majiko, kujilamba, kuja mlangoni. Yote yalikuwa yameshakatika na mi bado namlisha kwa bomba.

Kilichonizuia pia ni dini, siwafichi. Sote tunaijua hadithi ya yule mwanamke aliyeingia motoni sababu ya paka aliyemfungia. Nikamuuliza shehe wa mtaani, akanikumbusha hadithi nyingine, kwamba Mungu ameamrisha wema katika kila kitu, hata mkiua uweni vizuri, mkichinja noeni kisu mumpumzishe mnyama. Akasema wanazuoni hawako pamoja kwenye hili, ila yule mwanamke alimnyima chakula, wewe unamuondolea mateso. Muulize na wako.

Daktari alikuja nyumbani. Kwanza sindano ya usingizi, akalala kwenye kanga ya mama, kisha ile ya pili, ni dawa ya nusu kaputi kwa dozi kubwa, moyo unasimama ndani ya dakika chache. Mtu hakuniambia kwamba macho hayafumbi, na anaweza kuvuta pumzi moja hivi baada ya kufa, nikaruka nikidhani karudi. Mzike kwa kina kirefu pia, dawa inabaki mwilini na mbwa akifukua inaweza kumuua. Mdogo wangu alichimba chini ya mpapai mpaka kiunoni.

Sindano zilizobaki nilizipeleka kwa daktari na chupa ya zilizotumika. Alamu ya saa kumi na mbili sijaizima, mama anaitumia.