Klasi imebadilishwa jina, seva bado inaona la zamani

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo Dodoma, natengeneza mfumo wa Java wa kupokea mizigo ya zabibu kwa chama cha wakulima kule Hombolo. Klasi yangu moja niliiita mkulima, kwa herufi ndogo. Nimeibadilisha kuwa Mkulima ndani ya IntelliJ IDEA (programu ya kuandikia msimbo) kwa Shift+F6, yaani amri ya kubadilisha jina, na kwenye laptopu yangu ya Windows kila kitu kinakwenda vizuri. Nikiipeleka kwa Git (chombo cha kutunza matoleo ya msimbo) kwenye seva ya Linux, Maven (chombo cha kujenga mradi) inakataa: "class Mkulima is public, should be declared in a file named Mkulima.java". Mbona faili langu ndilo hilo hilo jina lake? Msimu wa kuvuna umekaribia.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Msimbo wako hauna kosa, na seva inasema kweli: kule faili bado linaitwa mkulima.java.

Windows huhifadhi herufi kama ulivyoziandika, lakini ikitafuta faili kwa kawaida haijali kubwa wala ndogo. Linux inajali, na Java pia inajali. Git iko katikati yao. Ukianzisha mradi kwenye Windows, Git yenyewe huweka core.ignorecase (mpangilio wa kutojali herufi kubwa na ndogo) kuwa true, hivyo ukigeuza m kuwa M inachukua yaliyobadilika ndani ya faili na jina inaliacha kama lilivyokuwa.

Hakikisha mwenyewe. Fungua terminali, andika git ls-files, usome orodha. Utaikuta mkulima.java pale pale, ingawa IDEA inakuonyesha Mkulima. Hapo amini orodha.

Dawa ni kupitia jina la katikati. Ukiwa ndani ya folda yenye faili hilo:

git mv mkulima.java Muda.java
git mv Muda.java Mkulima.java
git commit -am "Jina la klasi Mkulima"

Kisha push. Kwenye seva, baada ya git pull, endesha mvn clean package ili mabaki ya zamani ndani ya target (folda ambamo Maven huweka ilichokijenga) yaondoke.

Wapo watakaokushauri uzime core.ignorecase. Kwenye Windows nakusihi usifanye hivyo. Nimeshakuta mradi wenye faili zote mbili ndani ya Git, la zamani na jipya. Kila aliyevuta kwenye Windows alipata moja tu, na hakujua ni lipi. Kuzitenganisha kulitumalizia siku nzima.

Kuna jingine hujaliuliza, nalo linanitia wasiwasi zaidi. Kama klasi hiyo ni ya JPA (njia ya Java ya kuunganisha klasi na majedwali) na data ziko kwenye hifadhidata ya MySQL, ugonjwa ni ule ule: MySQL ya Linux, isipobadilishwa mipangilio, hutofautisha mkulima na Mkulima kwenye majina ya majedwali. Kosa hili halionekani wakati wa kukompaili. Linajitokeza mtu akiwa mbele ya mizani, na zabibu hazivumilii kukaa juani. Andika juu ya klasi @Table(name = "mkulima") ili jedwali libaki na jina lake.

Mwisho, bonyeza Ctrl+Shift+F, washa kitufe cha Cc (kinachotofautisha herufi kubwa na ndogo), utafute mkulima kwenye mradi mzima. Shift+F6 inaweza kuruka majina yaliyo ndani ya alama za kunukuu, mfano "select m from mkulima m", au yaliyomo kwenye persistence.xml, faili la mipangilio ya JPA. Hayo yarekebishe kwa mkono, isipokuwa lile la @Table.