Maharage yamewachosha watoto? Badilisha mapishi

Dada, umesema nyumbani ni maharage karibu kila siku, watoto wanasusa, na mkaa unaisha yakiwa bado magumu. Tuanze na ugumu. Loweka usiku kucha, asubuhi mwaga maji hayo, kisha bandika kwa maji mapya. Nyanya, ndimu au ukwaju usiweke mpaka yaive kabisa, maana uchachu huyafanya yachelewe kulainika. Hapo ndipo wengi wanapomaliza mkaa bure.

Ladha sasa. Kuna nazi. Kamua tui la kwanza, zito, uliweke kando. La pili, jepesi, limimine kwenye maharage yaliyoiva pamoja na kitunguu, karoti, bizari kidogo na pilipili mbuzi nzima isiyopasuka, itoe harufu tu. Mchuzi ukipungua, punguza moto, tia lile zito na ukoroge taratibu bila kuacha, likianza kuchemka epua. Ukiliacha lichemke kwa nguvu litakatika na mafuta yatajitenga. Chumvi mwishoni.

Chemsha mengi mara moja, yagawe kabla hujaunga. Leo ya nazi kwa wali, kesho uyakaange makavu kwa kitunguu kingi na uyaponde kidogo, wale kwa chapati. Mengine changanya na mahindi upate makande. Kwangu mimi makande ya kiporo ndiyo matamu zaidi, ila yahifadhi kwenye friji. Kama huna, pika ya kuisha siku hiyohiyo, hasa yenye nazi, huchacha upesi.