“Cię” haianzi sentensi, “mä” inaanza: kwa nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma Kipolandi Warsaw. Niliandika “Cię kocham” (nakupenda) nikasahihishwa: “Kocham cię”. Dada yangu anajifunza Kifini Helsinki. Kitabu chake kinasema “minä olen” (mimi ni), lakini mtaani anasikia “mä oon”, tena mwanzoni kabisa mwa sentensi. Mbona kifupi chake kinaruhusiwa kuanza na changu kinakataliwa?

JIBU: Marahaba. Vifupi hivyo vinafanana kwa urefu tu.

“Cię” ni kama “-ku-” yetu. Mtu akikuuliza “Unampenda nani?”, humjibu “Ku”, unasema “Wewe”. Kipolandi vilevile: “Kogo kochasz?”, jibu ni “Ciebie”. Umbo fupi halina mkazo wake lenyewe, kwa hiyo hutafuta neno la kuegemea. Ndiyo maana sarufi hailiruhusu kuanza sentensi, wala kufuata kihusishi (“dla ciebie”, kwa ajili yako, si “dla cię”), wala kutumika unapotofautisha: “Ciebie kocham, nie jego”, yaani wewe ndiye ninayekupenda, si yeye. “Go” na “jego” (yeye), “ci” na “tobie” (kwako) ni hivyohivyo.

Wacheki wamekaza zaidi. Kwao vifupi hupanga foleni nafasi ya pili ya sentensi: “Včera jsem ti ho dal”, jana nilikupa (tuseme kamusi). Ukiondoa “včera”, foleni haiwezi kubaki mbele. Kitenzi kinatangulia: “Dal jsem ti ho”. Tabia hii Jakob Wackernagel, mwanaisimu wa Uswisi, aliichambua mwaka 1892 katika lugha kongwe za Indo-Ulaya, na Kicheki kinayo hadi leo. Tena vifupi vyenyewe hugandana: “se” na “jsi” huwa “ses”, kama “na mimi” inavyokuwa “nami”. Huwa nafurahi sana nikifika hapa na wanafunzi wa Kiswahili, maana hawahitaji maelezo marefu.

“Mä” ni habari nyingine. Ni “minä” iliyopunguzwa na ulimi lakini nguvu zake zimebaki: inaanza sentensi na inaweza kubeba mkazo. Kinachotofautiana ni mahali. Dada yako aseme “mä oon” kwa rafiki zake, ila katika barua rasmi aandike “minä olen”, au “olen” peke yake, kwa kuwa kitenzi tayari kina nafsi ndani yake.

Asivuke bahari kwenda Tallinn na kanuni hiyo, lakini. Katika Kiestonia “ma” ni Kiestonia sanifu, utaikuta vitabuni na magazetini. “Mina” huja pale msemaji anapokazia: “Mina olen õpetaja, mitte sina”, mwalimu ni mimi, si wewe.

Na ile sentensi yako ya mapenzi, Kihungaria, ndugu wa mbali wa Kifini, kinaisema bila kiwakilishi chochote: “szeretlek”. Kiambishi “-lek” kimebeba “mimi” na “wewe” kwa pamoja, neno moja zima kama “nakupenda”.