Maswali ya Wasomaji: Tukusanyeje Maoni Kuhusu Kompyuta za Shule?

SWALI: Mhariri, salaam. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya shule ya msingi mkoani Morogoro. Watu waliosoma shuleni hapa zamani wamechanga fedha za kompyuta na projekta, lakini wametutaka kwanza tukusanye maoni ya wanafunzi, wazazi na walimu. Kwenye kikao cha wazazi tuliuliza kama wanaafiki, na wote wakanyoosha mikono. Mwalimu mkuu anaona hayo yanatosha. Mimi nina wasiwasi. Tuulize vipi, hasa kwa kuwa wazazi wengi wana simu za kitochi na baadhi yao hawasomi kwa urahisi?
Mwenyekiti, Morogoro

JIBU: Ndugu Mwenyekiti, wasiwasi wako una msingi. Mikono ile imekuonyesha tu kwamba hakuna mzazi aliyekuwa radhi kuonekana mbele ya majirani akikataa kitu kisichomgharimu senti; haikukueleza kompyuta hizo zitatumiwa na nani, wala LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, itanunuliwa kwa fedha zipi. Acheni kuwauliza watu kama wanataka teknolojia, kwa kuwa jibu lake mnalijua, na badala yake muwaulize wanafanya nini sasa na nini kinawakwamisha.

Anzeni na walimu, maana kwao ushahidi upo tayari. Vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa ya Agosti 2022 viligawiwa baadaye kwa walimu nchini, na huenda shuleni kwenu navyo vipo. Kila mwalimu aulizwe, kwa karatasi isiyo na jina, mara ya mwisho alikitumia lini kuandalia somo, ni somo gani, bando alilinunua kwa fedha za nani, na kilipoharibika alikipeleka wapi. Mwalimu akiandika kwamba kioo kilipasuka na tangu siku hiyo amekifungia kabatini kwa kuogopa kudaiwa, mtakuwa mmepata jambo ambalo swali la kuafiki au kukataa lisingelifichua: kabla ya projekta, shule inahitaji utaratibu wa matengenezo unaoeleza wazi hasara inabebwa na nani. Majirani zetu wa Kenya waliahidiwa mwaka 2013 kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza, vifaa vikaanza kufika shuleni mwaka 2016, na katika baadhi ya shule viliishia kufungiwa stoo kwa kukosa umeme wa uhakika au mwalimu aliyeandaliwa kuvitumia.

Kwa wanafunzi, msimtume mwalimu wa darasa awaulize mmoja mmoja wakiwa wamesimama, kwani watamjibu kile wanachodhani anapenda kukisikia. Wa darasa la tano hadi la saba waandike wenyewe, bila majina. Wadogo wasimulie kwa mtu asiyewafundisha. Ningependa waulizwe swali hili ambalo kwa juu juu halihusu kompyuta hata kidogo: kitabu kimoja kinapotumiwa na watoto wanne dawatini, nani hukishika na nani huchungulia? Majibu ya wasichana na ya wavulana yahesabiwe mbalimbali. Atakayekishika kitabu leo ndiye atakayeshika kipanya kesho, na mkilijua hilo mapema mtapanga zamu kabla vifaa havijafika.

Wazazi wafuatwe vitongojini badala ya kusubiriwa kikaoni, wakae vikundi vidogo, akina mama peke yao na kwa saa ambayo wamekwisha kutoka shambani, huku mtu asiye mjumbe wa kamati akiuliza na mwingine akiandika. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, neno "mchango" limekuwa zito masikioni mwa wazazi, kwa hiyo waulizwe bila kuzunguka: shule ikihitaji mlinzi wa usiku wa kulinda kompyuta hizo, nani amlipe? Msishangae ukunjufu wa kikaoni ukipungua hapo. Ndiyo maoni mliyoyafuata.

Marekani kuna shirika liitwalo Project Tomorrow ambalo kwa miaka mingi limewauliza wanafunzi, wazazi na walimu kuhusu teknolojia shuleni, kila kundi kwa dodoso lake, na shule zilizoshiriki hurudishiwa majibu ya watu wao wenyewe. Hilo la mwisho liigeni. Bandikeni majibu ubaoni nje ya ofisi, pamoja na yale yasiyompendeza mwalimu mkuu, na muandike chini yake kamati imeamua nini kuhusu kila moja.

SWALI: Shule ya mwanangu hapa Mombasa imetuma maswali kuhusu matumizi ya simu nyumbani kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Kila mzazi anajibu mbele ya wenzake, akitaja jina la mtoto. Mimi sijajibu. Nimekosea?
Mama wa darasa la sita, Mombasa

JIBU: Hujakosea, mama. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla taarifa za mtoto hazijashughulikiwa, na kunyamaza kwako kundini si ridhaa. Mwandikie mwalimu mkuu kwa adabu, pembeni ya kundi, umuulize majibu yanahifadhiwa wapi, nani atayasoma na yatafutwa lini. Akikujibu vizuri, mpe majibu yako kwa karatasi iliyofungwa kwenye bahasha, bila jina la mtoto. Mwombe pia ayaondoe yale yaliyokwisha kuandikwa na wazazi wengine, ingawa kwa kuwa wenzao wamekwisha kuyasoma, na huenda baadhi wameyanakili, sehemu ya madhara imekwisha kufanyika.