Tairi za Nyuma za Altezza: Usikubali Muuzaji Akuchagulie

Juzi kijana mmoja wa Masasi kaniandikia: "Kaka, habari za kazi. Korosho zimelipa, nimevuta Altezza. Tairi za nyuma zimekwisha, ni 215/45R17. Madukani huku sijazipata, jamaa ananishawishi niweke 215/50, anasema zinaingia tu. Niweke?"

Nikamjibu "usiweke" nikaendelea na shughuli zangu. Baadaye akarudi: "Sasa kaka, niweke nini?" Mdogo wangu, umenitonesha kidonda. Kaa vizuri, maelezo ni marefu.

Mimi naendesha Altezza RS200, gia za mkono, gia 6, injini 3S-GE ya lita 2. Wanaoijua hawahitaji kuelezwa, na wasioijua wanapita wakisema gari ya wahuni. Toyota iliiuza Japani kuanzia 1998 hadi 2005, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa ina miaka 20 kwenda juu, na bado ukiiacha ipande kwenye gia ya tatu ukitoka Mingoyo kuja Mtwara unasikia mwili unasisimka. Hapa mjini kuna watu wana magari ya bei mara tano ya hii yangu, lakini Jumamosi jioni kule Shangani vijana wakitaka kupiga picha hawaendi kwao. Sijisifu, nasema kinachotokea.

Sasa shika hili kabla ya mengine yote. Altezza inasukumwa na magurudumu ya nyuma, tofauti na IST ya shangazi yako inayovutwa na ya mbele. Tairi za mbele zikipoteza mshiko utajua mapema: usukani unalegea mkononi, gari inagoma kukata kona, unatoa mguu kwenye mafuta, inarudi kwenye mstari. Za nyuma hazina adabu hiyo. Mkia unaondoka kimyakimya, na ukija kushtuka umeshageuka, unaangalia ulikotoka. Ndiyo sababu ukinunua tairi mbili tu mpya zinafungwa nyuma, hata kama gari ni ya kuvutwa mbele. Mafundi wengi watakubishia hapa. Waache wabishe, wewe funga nyuma.

Yangu ilianza kunipa ishara mvua za Desemba zilipoanza, kwenye zile kona za Mikindani zinazozunguka ghuba. Nilikuwa kwenye 50 kama kibao kinavyotaka, maana ukiingia kijijini hujui tochi ya trafiki ya kupima mwendo imejificha wapi, na bado mkia ukacheza. Lami ya mvua za kwanza kila mtu wa kusini anaijua: vumbi la kiangazi kizima, mafuta yaliyovuja kwenye malori, vyote vinakorogwa na maji kidogo. Nikampelekea fundi. Akazitazama akiwa amesimama wima, mikono mfukoni, akasema, "Mbona bado hizi?" Nikapiga jeki mwenyewe, nikapitisha kiganja upande wa ndani wa tairi ya kulia. Kidole kikanasa kwenye waya. Upande wa nje mifereji ilikuwa na kina kizuri tu, lakini ukanda wa ndani, upana kama wa vidole viwili, mpira ulikuwa umekwisha na nyaya zimechungulia. Aliyekuwa na gari kabla yangu aliishusha ipate mwonekano, magurudumu ya nyuma yakalalia ndani, na alaimenti, yaani kunyoosha mkao wa magurudumu, hakuigusa. Tairi ikawa inakula upande mmoja.

Kwa hiyo usipime tairi kwa macho ya kusimama. Ingiza mkono. Ndani ya mifereji utaona vidaraja vidogo vya mpira. Tairi ikilika hadi kulingana navyo imebaki milimita 1.6, na kwa sheria za Ulaya na Japani hapo ndipo mwisho. Mimi kwa mvua zetu sisubiri huko, nikifika milimita 3 naanza kutafuta nyingine. Na alaimenti inafanywa ya nyuma pia. Ukifunga tairi mpya kwenye magurudumu yaliyopinda umenunulia shimo lilelile chakula kipya.

Nikaingia madukani. La kwanza lilikuwa na tairi za Fuso, za bajaji, za Noah, zimepangwa hadi juu darini. Nikataja saizi yangu, muuzaji akacheka: "Hizo saizi za watu wa Dar." Sikumjibu. Tumeambiwa hivyo miaka mingi, tangu barabara yetu ikiwa matope na Rufiji inavukwa kwa pantoni. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, lakini mtu anaona bado tunastahili kinachobaki.

Duka la pili ndipo nilipopewa hiyo 215/50R17 anayopewa mdogo wangu wa Masasi. Tuhesabu pamoja, maana hesabu yenyewe haihitaji shule kubwa. 215 ni upana kwa milimita. 45 ni asilimia ya upana huo, ndicho kimo cha ubavu wa tairi. 17 ni inchi za rimu. Ukijumlisha, gurudumu la 215/45R17 lina kipenyo cha milimita 625 hivi, na la 215/50R17 linafika 647. Zaidi ya sentimita mbili! Zinaingia, sikatai. Lakini saa ya mwendo inaanza kukudanganya: inasema 100 na wewe uko 103 na ushee, na trafiki mwenye tochi hapokei maelezo ya kipenyo. Gari inakuwa nzito kuondoka. Ikiwa imeshushwa, ukipakia watu wawili nyuma tairi inasugua fenda. Na ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukipiga breki, inalinganisha kasi ya yote manne, ukiipa ya nyuma makubwa kuliko ya mbele unaichanganya kabla hujakanyaga breki.

Duka la tatu, mitumba ya Japani. Hapa nakuomba utulie, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi wanapotea. Nilionyeshwa tairi mbili zenye saizi sahihi, kina cha kutamanisha, bei ya chini. Jamaa akaipiga kofi: "Mjapani huyu, mpya kabisa." Nikaizungusha polepole. Ubavuni kulikuwa na mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, na neno STUDLESS. Kila kipande cha mpira kina vikato vyembamba vingi kama kimechanjwa na wembe. Hiyo ni tairi ya baridi, imetengenezwa kwa barabara zenye barafu za Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Mpira wake ni laini makusudi ili usikakamae kwenye baridi kali. Ulete kwenye lami ya Mtwara saa nane mchana uone unavyolika, na kwenye kona gari inavyoelea. Herufi yake ya mwendo ilikuwa Q, yaani mwisho kilomita 160 kwa saa, wakati inayotakiwa kwenye Altezza yangu ni W, 270. Sisi huku barafu tunaijua ya kuwekea samaki.

Najua kuna atakayesema, W ya nini na barabara yenyewe ina vijiji kila baada ya dakika kumi? Hata mimi sikimbizi gari kufika 270, wala injini haifiki huko. Herufi hiyo inakuambia tairi inavumilia joto kiasi gani. Namba inayoitangulia ni mzigo: 87 ni kilo 545 kwa kila tairi, 91 ni kilo 615. Kwa saizi hii usishuke chini ya 87W. Basi.

Nikaona nitafute Dar. Nikampata muuzaji kwa simu, simtaji na hata ukinibembeleza simtaji, akasema anazo mpya, pea. Nikamwomba picha ya namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. Namba hizo zinasema tairi ilitengenezwa lini: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unazeeka hata ukiwa stoo. Akanijibu, "Wewe wa Mtwara unataka tairi au unataka cheti cha kuzaliwa?" Nyuma yake nikasikia watu wanacheka. Akaapa ni za mwaka uliopita, tukakubaliana nitume nusu, nyingine zikifika. Zikaja na basi usiku. Nikazifungua palepale stendi kwa mwanga wa simu: moja ya 2016, nyingine ya 2018, na michoro ya mpira haifanani. Zilirudi na basi lilelile asubuhi. Pesa yangu ilirudi kwa mbinde, vipande vipande, na kile kicheko mpaka leo kiko sikioni.

Kwenye ekseli moja tairi ziwe mapacha: kampuni moja, mchoro mmoja, umri unaokaribiana, kina kimoja. Zikitofautiana, moja inashika na nyingine inateleza, na kama gari yako ina difu ya LSD, ile inayozuia gurudumu moja lisizunguke peke yake, unailazimisha kufanya kazi muda wote hata ukienda moja kwa moja. Ukiambiwa "hii ni ya kampuni nzuri kuliko ile, funga tu" ondoka dukani.

Nilizopata mwishoni ni 91W, zote mbili zimetengenezwa wiki moja, za muuzaji mwingine wa hukohuko Dar ambaye alinitumia video ya namba kabla sijaomba. Usiniulize jina la kampuni. Nikikutajia utakwenda kununua jina, na kampuni hiyohiyo inatengeneza ya teksi, ya theluji na ya mashindano. Soma ubavu.

Kufunga nako kuna vita yake. Kama ubavuni kuna mshale, uelekee gurudumu linakozungukia gari ikienda mbele. Kama kuna neno OUTSIDE, liwe nje. Kijana wa pancha alishaikamata yangu ya kushoto akaiweka mshale unarudi nyuma, nikamsimamisha, akaniambia "bro tairi ni duara." Halafu akataka kujaza upepo wa 40 psi, kwa sababu kila gari kwake ni 40. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna stika. Imeandikwa kwa kPa, kipimo kingine cha upepo, na 220 ni kama 32 psi. Ukijaza kupita kiasi tairi inasimamia katikati, mshiko unapungua, na katikati ndipo patakapolika. Zikishafungwa, kilomita mia kadhaa za mwanzo nenda taratibu, mpira mpya bado unateleza.

Vijana, mnaweka spika za laki kadhaa, mnabandika taa za rangi, mnanunua rimu za kung'aa, halafu kwenye tairi mnaomba punguzo. Mama yako anapanda kiti cha nyuma cha hiyo gari kwenda arusini Newala. Kitu pekee kinachogusa lami ni vipande vinne vya mpira, kila kimoja kama kiganja. Na wewe unaniambia "zinaingia tu"!

Wenye Nissan Fairlady Z33 ya rimu za 18 mjue za nyuma ni pana kuliko za mbele, 245/45R18 kwa 225/45R18, kwa hiyo hamwezi kuzihamisha mbele zikilika. Mazda RX-8 ya rimu za 18, zote nne ni 225/45R18. Wenye Subaru za kuvuta nne, msinunue mbili tu kama zile nyingine zimelika sana, mtaua difu ya kati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma.

Zile kuukuu zangu jamaa mmoja mwenye Mark II alizitaka: "Nje bado nzima hizi, nipe." Nikachukua kisu nikazichana ubavu mbele yake. Kaninunia mpaka leo. Mzee anayeshona katambuga sokoni alizichukua bure, akalalamika tu kwamba upande wa ndani una waya nyingi.