Pleya ya diski kwa msikilizaji wa klasiki

Ndugu, umeuliza kama uongeze pesa upate pleya inayosoma SACD (Super Audio CD, aina ya diski ya muziki iliyobuniwa kuizidi CD ya kawaida kwa ubora wa sauti) au ubaki na ya CD pekee, maana unasikiliza okestra na piano tu. Anza na rafu yako ya diski. CD ya kawaida, biti 16 na sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde, ikisomwa vizuri inaibeba okestra nzima bila shida. SACD, iliyoletwa na Sony na Philips mwaka 1999, ina rekodi nyingi nzuri za klasiki, lakini kama huna hata moja wala mpango wa kuzinunua, weka pesa zote kwenye pleya bora ya CD.

Ukienda kuijaribu, usidanganywe na mng'aro. Pleya inayosukuma sauti za juu huonekana ina maelezo mengi mwanzoni, kisha fidla zinaanza kuchoma masikio. Beba diski unayoijua na usikilize sehemu tulivu: noti ya mwisho ya piano inavyofifia ukumbini, au kama fagoti (ala ya kupuliza yenye sauti nzito) inafuatika okestra yote inapopiga. Unapolinganisha pleya mbili, sawazisha ukubwa wa sauti kwanza; iliyo juu kidogo hupendwa bila haki.

Ulizia pia kama leza yake, ile inayosoma diski, bado inapatikana kama kipuri.