Maswali yenu: nani anambana waziri wa biashara kule Uingereza?

Wiki iliyopita niliandika mistari michache kuhusu kamati ya bunge la Uingereza inayoifuatilia wizara yao ya biashara, nikadhani watu watapita tu, kumbe wapi. Maswali yamemiminika mpaka nimeshindwa kumjibu kila mtu, kwa hiyo nachukua yale yaliyojirudia sana.

Msomaji wa Temeke: Hiyo kamati ni ya serikali au ya bunge? Na waziri mwenyewe ni memba humo?

Ya bunge, tena waziri hakai humo kama memba, akija anakuja kama shahidi, anakaa upande wa pili wa meza na maji yake ya kunywa anasubiri kuulizwa. Wizara yenyewe bado changa, Rishi Sunak, waziri mkuu wa wakati ule, aliiunda Februari 2023 kwa kuunganisha wizara ya biashara ya kimataifa na vipande vya ile ya biashara na nishati. Sasa utaratibu wao tangu 1979 ni kwamba kila wizara kubwa ina kamati yake ya kuichungulia matumizi, utendaji na sera, kwa hiyo wizara zikipanguliwa na kamati nazo zinapanguliwa, ndo hivyo kamati ya biashara ya kimataifa ikafutwa mwaka huohuo.

Ila kitu ninachokipenda mimi ni hiki: tangu 2010 mwenyekiti anapigiwa kura ya siri na wabunge wote, sio kiongozi wa chama anamteua mtu wake. Mwenyekiti wa sasa Liam Byrne ni wa Labour. Alikikalia kiti mwishoni mwa 2023 Conservative wakiwa madarakani, akachaguliwa tena Septemba 2024 chama chake kikiwa ndo kimeshika serikali, kwa hiyo sasa anayembana ni waziri wa chama chake mwenyewe. Hapo ndo unamjua mtu.

Dada wa Eldoret: Niliona klipu ya mwanasheria wa Shein akiulizwa kitu kimoja mara kibao na hajibu, afu akaenda zake nyumbani. Si wangemshika tu?

Dada yangu, nami ile klipu niliirudia. Kwa ambao hawakuiona, ilikuwa tarehe 7 Januari 2025, kampuni ya nguo ya Shein ilikuwa inatajwa kwamba inataka kuuza hisa zake kwenye soko la London, kamati ikawaita. Swali lenyewe lilikuwa rahisi mno: nguo mnazouza zina pamba ya kutoka China au hazina? Walichokuwa wanakitafuta ni pamba ya Xinjiang, jimbo la China lenye tuhuma za Wauyghur, Waislamu wa huko, kufanyishwa kazi kwa lazima. Mwanasheria akasema atawaandikia baadaye. Wakauliza kwa njia nyingine, atawaandikia. Wakabadilisha tena, jibu lilelile. Mwishoni mwenyekiti akamwambia wazi kwamba kamati karibu haina imani yoyote na jinsi kampuni inavyosimamia wanaowatengenezea bidhaa.

Kumshika hawawezi. Kwenye karatasi kamati ina mamlaka ya kuita watu na nyaraka, ila ukigoma rungu lenyewe ni la kizamani, mara ya mwisho bunge lile kumtoza mtu faini ilikuwa 1666! Dominic Cummings, aliyeongoza kampeni ya kuitoa Uingereza Umoja wa Ulaya, alikataa kwenda mbele ya kamati nyingine mwaka 2018, bunge likapitisha azimio la kumkaripia 2019, na miezi michache baadaye huyohuyo akaingia Downing Street, ofisi ya waziri mkuu, kama mshauri mkuu wa Boris Johnson. Nyie Wakenya mko vizuri zaidi kwenye hili, ibara ya 125 ya katiba yenu inaipa kamati nguvu sawa na za Mahakama Kuu kumlazimisha shahidi aje, aape na alete nyaraka. Kama zinatumika inavyotakiwa, hilo mtaniambia nyie.

Sasa mbona makampuni yanaenda? Yanaogopa aibu, na wawekezaji wanaangalia. Mike Ashley wa Sports Direct, maduka ya vifaa vya michezo, mwaka 2016 alikataa kwanza, akawaambia wabunge waje wao kwenye ghala lake Shirebrook, wakamtishia kwamba anadharau bunge, akaja. Alipokuja akakiri mwenyewe kwamba wafanyakazi walikuwa wanalipwa chini ya kima cha chini cha sheria, maana zamu ikiisha wanapanga foleni ya kupekuliwa kama wameiba, na muda ule wa foleni haulipwi. Tena ukichelewa dakika moja unakatwa mshahara wa robo saa! Hamna polisi aliyeingia pale, ni maswali tu, na mwaka huohuo kampuni ikakubali kulipa malimbikizo ya kama pauni milioni moja.

Mzee wa Moshi: Kijana, uligusia wenye posta waliofungwa kwa sababu ya kompyuta halafu ukaruka. Mimi nimefanya kazi posta, nieleze vizuri.

Shikamoo mzee wangu. Hili ndo kubwa kuliko yote, wacha nilieleze taratibu.

Kule posta nyingi ndogo zinaendeshwa na mtu binafsi kwa mkataba, ana duka lake la mkate na magazeti, kwenye kona kaunta ya posta. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakawekewa mfumo wa kompyuta unaoitwa Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Jioni unafunga hesabu, droo ina pesa zake sawa, ila kompyuta inakwambia pungufu, pauni elfu mbili, kesho elfu nne. Mkataba unasema upungufu ni wako, lipa. Watu wakatoa akiba, wakakopa kwa ndugu, na wakipiga simu ya msaada wengi walijibiwa kwamba ni wao tu wenye hilo tatizo. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi na kughushi hesabu, wengine wakafungwa, wengine wakafilisika, wapo waliojiua. Na nyingi ya kesi hizo shirika la posta lilizifungua lenyewe, halikuhitaji hata polisi.

Shirika hilo ni mali ya serikali asilimia mia na mwenye kulisimamia ni wizara ya biashara, ndo maana linaangukia kwa kamati hii.

Sasa sikiliza mzee, hapa ndo ninapokereka. Watu wengi wanadhani bunge lilishtuka Januari 2024 baada ya televisheni kuonyesha tamthilia ya mkasa huu. Sio kweli. Tarehe 3 Februari 2015 kamati ya biashara ya wakati ule ilimweka mezani Paula Vennells, bosi wa shirika la posta, akasema hawajaona ushahidi wowote kwamba kuna mtu kahukumiwa kimakosa. Siku hiyohiyo Alan Bates, mwenye posta wa zamani aliyekuwa anaongoza wenzake kudai haki, naye alikuwepo akatoa ushahidi. Wote wawili mbele ya wabunge walewale! Wabunge wakauliza vizuri tu, wakamwandikia waziri barua. Afu ikaja Mei, uchaguzi mkuu, kamati ikavunjika, memba wapya wakaingia na ajenda zao, suala likapoa. Ikabidi wenye posta 555 waende mahakamani kwa gharama zao. Desemba 2019 shirika likakubali kulipa pauni milioni 57.75, jaji akatamka kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, ila wakishatoa gharama za kesi kila mmoja akabaki na kama pauni elfu ishirini tu. Mtu kapoteza nyumba, unampa elfu ishirini.

Ndo maana watu wakinitumia klipu za mbunge anafoka na kupiga meza mimi huwa nauliza kitu kimoja tu, barua ya ufuatiliaji iko wapi na nani ataisoma memba wakibadilika. Kufoka hata mimi naweza.

Awamu ya pili walifanya vizuri zaidi, nikiri. Januari 2024 bosi wa Fujitsu upande wa Ulaya, Paul Patterson, aliomba radhi mbele ya kamati na kukubali kwamba kampuni ina wajibu wa kimaadili kuchangia fidia. Mei 2024 ikapita sheria ya kufuta mamia ya hukumu hizo kwa mkupuo, Scotland wakatunga ya kwao. Na safari hii kamati haikuachia hapo, Januari 2025 ikatoa ripoti nyingine inasema fidia inasuasua, watu ni wazee na wanakufa wakisubiri, wekeni muda wa mwisho kisheria. Serikali kwa desturi ina miezi miwili ya kujibu ripoti ya kamati kwa maandishi, hoja kwa hoja. Majibu hayo hayana mvuto kabisa kuyasoma lakini humo ndo unaona nani kakubali nini.

Mkulima wa maua, Naivasha: Ule mkataba wa biashara kati yetu na Uingereza, wabunge wao waliupigia kura kweli au ni sisi tu tulihangaika?

Hawakulazimika. Mkataba ulisainiwa London tarehe 8 Desemba 2020, ukaanza kutumika Machi 2021. Kwenu sheria ya mikataba ya 2012 inataka bunge liidhinishe. Kwao, kwa sheria yao ya 2010, serikali inauweka mkataba mezani bungeni, siku 21 za vikao zikipita bila bunge kupitisha azimio la kuukataa basi umepita. Na ili azimio lipigiwe kura lazima upate muda wa mjadala, na anayepanga ratiba ya mjadala kwa sehemu kubwa ni serikali yenyewe. Umeona ujanja?

Kwa kuwa umetaja maua niongeze kidogo, maana Watanzania huwa wanauliza mbona sisi hatukusaini na bidhaa zetu zinaingia. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi wako kwenye kundi la nchi maskini zaidi, bidhaa zao zinaingia Uingereza bila ushuru hata bila mkataba. Kenya haiko kundi hilo, kwa hiyo Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya, Wakenya wasingekuwa na mkataba wangekumbana na ushuru. Ndo ile haraka yote.

Kwa maoni yangu hapa ndo pana udhaifu mkubwa kuliko pote. Ile kamati iliyokuwa inashughulika na biashara ya kimataifa peke yake ndo iliyofutwa 2023, mzigo ukahamia kwa wabunge 11 ambao tayari wana posta, chuma, mishahara na kila kitu. Nyumba ya juu, yaani Lords, wana kamati yao ya mikataba ya kimataifa na mara nyingi hao wazee ndo wanaosoma hadi viambatanisho.

Msomaji wa Mbeya: Kwa hiyo Wazungu nao wanapigwa pesa za umma, au huko CAG hana kazi?

Wanapigwa vizuri tu ndugu yangu. Wakati wa korona, Mei 2020, walianzisha mkopo wa haraka kwa biashara ndogo, hadi pauni elfu hamsini, unajaza fomu fupi, unajitajia mwenyewe mauzo yako, benki inatoa na serikali inadhamini asilimia mia. Benki ikachunguze nini wakati hasara sio yake! Zilitoka kama pauni bilioni 47 kwa mikopo milioni moja na nusu hivi, na makadirio ya awali ya wizara yenyewe yalisema bilioni 4.9 zimeenda kwa matapeli. Aliyeyaanika hayo ni mkaguzi wao mkuu, na ripoti zake zinapelekwa kamati ya hesabu za serikali, PAC kama ya kwetu, ya kwao ipo tangu 1861 na mwenyekiti hutoka upinzani.

Januari 2022 waziri mmoja, Lord Agnew, alisimama bungeni kuitetea serikali kuhusu hiyo mikopo, akaanza kuisema wizara ya biashara kwamba imesimamia hovyo, akamaliza kwa kujiuzulu palepale, akakusanya makaratasi yake akatoka. Watu wakampigia makofi.

Msomaji wa Dodoma: Kipindi cha maswali na majibu kama hapa kwetu kipo?

Kipo, waziri wa biashara zamu yake inafika takriban kila wiki tano, huwa Alhamisi asubuhi. Inachukua kama saa moja tu, na maswali mengi ni mbunge kusifia kiwanda cha jimboni kwake. Wao hawasemi "upembuzi yakinifu unaendelea", wanasema wanafanya kazi kwa karibu na wadau, ila wewe mtu wa Dodoma ukisikia tu utaielewa.

Kaka anayeishi Coventry: Mimi niko ghala huku, mambo ya zamu yanatuumiza. Naweza kuwaandikia hao kamati au ni mpaka niwe raia?

Sio lazima uwe raia kaka. Kamati ikifungua uchunguzi inatangaza mada na tarehe ya mwisho, mtu yeyote anatuma maelezo yake kwa maandishi. Eleza ulichokiona wewe mwenyewe, tarehe, zamu, makato, usiandike hotuba. Kama unahofia kazi yako waombe jina lisitolewe, ila uamuzi ni wao. Na ukishawatumia usiyatupie mtandaoni kabla wao hawajayachapisha. Ila hawasuluhishi kesi ya mtu mmoja mmoja, ya kwako binafsi peleka kwa mbunge wa jimbo lako, ana siku za kuonana na watu, weka miadi.

Na jambo moja wengi hawalijui, kama una pasi ya Tanzania, Kenya au Uganda na una kibali halali cha kuishi huko, wewe ni wa Jumuiya ya Madola, unaruhusiwa kujiandikisha na kumpigia kura mbunge huyohuyo. Jiandikishe kabla hujaweka miadi.